Deni la Mkandarasi Mwongo

Mwenye nyumba amemlipa mkandarasi fedha za kubadilisha paa na kuongeza chumba. Mkandarasi alisema ana leseni, naye hana. Alisema mbao zimeshaagizwa, kumbe hazijaagizwa. Alionyesha kibali cha ujenzi ambacho hakuna ofisi iliyokitoa. Mwenye nyumba anakwenda mahakamani, anashinda, anapata hukumu ya kulipwa. Muda si mrefu mkandarasi anajaza fomu za kufilisika. Nchini Marekani, ambako mahakama zimelichambua suala hili kwa kina, mtu anayefilisika chini ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi hukabidhi mali ambayo sheria haimwachii, ikauzwa kama ipo, na baada ya miezi michache hufutiwa sehemu kubwa ya madeni yake: ya kadi za benki, ya hospitali, ya kodi ya pango aliyolimbikiza. Je, na deni la yule mwenye nyumba lifutwe humo humo? Kifungu cha 523 kinasema hapana: deni la fedha iliyopatikana kwa hila, kwa maelezo ya uongo au kwa ulaghai halifutwi. Jibu la sheria ni fupi. Lakini chini yake kuna swali ambalo wanasheria hawana haja ya kuliuliza kila siku, nalo ni hili: dola ina haki gani ya kufuta deni ambalo si lake, na haki hiyo inakomea wapi? Ninavyoona, mahakama inaweza kugawa hasara ya bahati mbaya miongoni mwa watu walioingia katika shughuli wakijua kuwa bahati mbaya ipo. Haiwezi kusamehe dhuluma kwa niaba ya aliyedhulumiwa. Deni la ulaghai ni dhuluma hata likiandikwa kwa tarakimu, na kuliandika kwa tarakimu hakubadilishi asili yake.

Inafaa kuanza na huruma yenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani kufuta madeni ni ulegevu wa siku hizi. Zaidi ya miaka 3,700 iliyopita sheria za Hammurabi, katika kifungu cha 48, zilisema kwamba mkulima mwenye deni ambaye mazao yake yamesombwa na mafuriko au kukauka kwa kukosa maji hatamlipa mdai wake nafaka mwaka huo, wala riba ya mwaka huo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inaamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Aya ya 280 ya sura Al-Baqara inataka mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na inaeleza kuwa kumwachia deni hilo kama sadaka ni bora zaidi. Katika Sahihi Muslim imesimuliwa habari ya mtu aliyenunua matunda, yakapatwa na maafa, madeni yakamwelemea, Mtume Muhammad (S.A.W.) akawahimiza watu wamchangie, na mchango ulipopungua akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, hawana kingine zaidi ya hicho. Wanazuoni wengi walielewa kuwa deni lenyewe lilibaki hadi mtu yule apate uwezo, ila mlango wa kumsumbua ulifungwa. Marekani imekwenda mbele zaidi: inalifuta kabisa. Hata hivyo Mahakama yake ya Juu, katika kesi ya Local Loan Company dhidi ya Hunt ya mwaka 1934, ilieleza nani hasa anakusudiwa na rehema hiyo. Ni mdaiwa mwaminifu aliyepatwa na masaibu. Sifa zote mbili zinahitajika. Masaibu bila uaminifu hayatoshi.

Kuna sababu ya haki, si ya huruma peke yake, inayofanya rehema hiyo isiwe wizi wa mali ya mdai. Anayekopesha anajua kuwa mvua inaweza kukatika. Benki inalijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana inatoza riba, inadai dhamana, inauliza mshahara. Muuzaji anayetoa bidhaa kwa mkopo anajua soko linaweza kuanguka. Wote hao wamekubali, kwa kitendo cha kukopesha, kuishi na uwezekano wa kutolipwa, na wengi wao wameshautia uwezekano huo katika bei. Mahakama inapomfutia madeni mkulima aliyekumbwa na ukame, haimnyang'anyi mdai kitu ambacho hakuwahi kukiweka hatarini. Inatimiza sehemu ya makubaliano ambayo haikuandikwa.

Sasa tazama jinsi mapokeo yale yale yanavyogeuka yanapofika kwenye uovu. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sura ya 10 ya kitabu cha Sheviit, inaorodhesha ambayo mwaka wa saba hauyaachilii: malipo anayotozwa mbakaji, anayotozwa mtongozaji wa binti wa watu, anayotozwa aliyemsingizia mkewe, na kila kilichoamriwa na mahakama. Mkopo unaachiliwa; fidia ya kosa inabaki. Mambo ya Walawi, sura ya 6, inamhusu mtu aliyemdanganya jirani yake katika amana au akamdhulumu: atarudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano, ampe mwenyewe, kisha ndipo alete kondoo wa sadaka yake. Utaratibu huo unastahili kuangaliwa mara mbili. Mwenye mali anatangulia, madhabahu inafuata. Kuhani hana namna ya kumsafisha mtu ambaye bado ameshika mali ya jirani. Upande wa Uislamu, Hadithi iliyopokewa na Bukhari inawatenga wakopaji wawili ambao kwa nje hawatofautiani: aliyechukua mali ya watu akikusudia kulipa, ambaye Mwenyezi Mungu atamsaidia kulipa, na aliyeichukua akikusudia kuiangamiza. Mafakihi walipojadili aya ya 60 ya sura At-Tawba, inayowapa wenye madeni fungu katika zaka, kundi kubwa miongoni mwao walimtoa yule aliyejitia deni kwa maasi hadi atubu kwanza. Hammurabi alikuwa mkali kupita wote hao. Mjenzi ambaye ukuta wake unabonyea alitakiwa auimarishe kwa fedha yake mwenyewe, na nyumba ikianguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi huuawa. Sitamfuata huko. Adhabu zake zilimwangukia hata mjenzi mbaya asiyesema uongo, na hoja yangu haiwahusu wajenzi wabaya.

Hoja yangu inahusu nani mwenye msamaha. Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika kwamba mtawala asiwe na mamlaka ya kusamehe makosa ambayo raia wanatendeana wao kwa wao. Akitaka kusamehe, asamehe yale aliyotendewa yeye. Kant hakuwa mtu wa huruma nyingi katika mambo ya adhabu, lakini hapa aligusa jambo ambalo Waislamu wa pwani yetu wanalifundisha watoto chuoni kwa jina la haki za waja. Mja akimkosea Mola wake, toba ni baina yao wawili. Akimkosea mja mwenzake, toba ina sharti la ziada: arudishe alichochukua au aombe halali kwa mwenyewe. Hadithi ya muflisi, iliyo katika Sahihi Muslim, inalipeleka jambo hili mbali kuliko mahakama yoyote. Muflisi wa kweli, kwa maelezo yake, si aliyekosa dirhamu na bidhaa. Ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, huku alimtukana huyu, akala mali ya yule. Thawabu zake zitagawiwa kwa aliowadhulumu, zikiisha kabla madai hayajaisha, atatwikwa dhambi zao. Hata mbele ya Mwenye uwezo wote, madai ya aliyedhulumiwa hayafutwi juu kwa juu. Hulipwa kwa mali iliyopo. Ikiwa hali ni hiyo huko, hakimu wa ufilisi wa San Francisco au Detroit hana pa kupata mamlaka makubwa zaidi.

Msomaji Mkristo anaweza kunikumbusha mfano wa mfalme katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, aliyemfutia mtumishi deni kubwa lisilolipika. Nadhani mfano huo unanisaidia. Mfalme yule alifuta deni alilodaiwa kwake mwenyewe. Hasara aliibeba yeye. Hakuita wakulima wa kijijini na kuwatangazia kuwa yaliyoibwa kwao yamesamehewa. Zakayo naye, aliyetajirika kwa kutoza kodi, hakungoja atangaziwe msamaha: alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Kusamehe kwa mali ya mtu mwingine ni ukarimu rahisi mno.

Pingamizi kali kuliko yote halitoki kwenye dini. Linasema hivi: mahakama za Marekani hufuta pia madeni ya watu ambao hawakukubali hatari yoyote. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na dereva mzembe hakuingia mkataba na mtu, na bado fidia yake, kama dereva hakuwa amelewa, inaweza kufutwa dereva akifilisika. Kwa hiyo habari ya ridhaa haielezi sheria ilivyo. Nakubali haiielezi yote. Lakini uzembe una sifa ambayo ulaghai hauna: kila mmoja wetu yuko pande zote mbili. Anayevuka barabara leo ataendesha gari kesho, na dakika moja ya kutokuwa makini inaweza kumpata yeyote. Jamii ikikubaliana kuwa kosa la namna hiyo lisimwangamize mtu maisha yake yote, inakubaliana jambo ambalo kila mwanachama wake anaweza kulihitaji. Hakuna anayeweza kusimama na kudai vivyo hivyo kuhusu uongo, kwamba nisameheni leo nikiwadanganya kwa kuwa kesho mtanidanganya nyinyi. Tena mwenye nyumba anaweza kujikinga na fundi asiyejua kazi: anauliza aliowajengea, anakagua leseni, analinganisha bei. Uongo unaharibu kinga hizo zenyewe.

Ugumu uko kwenye mpaka kati ya aliyeshindwa na aliyedanganya, na hapa ndipo mahakama zinapotoa jasho. Kuvunja mkataba si ulaghai. Mkandarasi aliyepokea malipo ya awali kwa nia njema, bei ya vifaa ikapanda, mafundi wakamkimbia, akashindwa kumaliza, huyo ni ndugu wa yule mnunuzi wa matunda. Sheria inauliza hali ya moyo wake wakati anapokea fedha: alikusudia kufanya kazi, au alijua haitafanyika? Moyo hauonekani, kwa hiyo majaji wanafuata nyayo zake. Fedha ilikwenda wapi? Vifaa vilinunuliwa? Alifika hata siku moja kwenye eneo la kazi? Leseni aliyoitaja ipo? Aliendelea kupokea malipo ya hatua iliyofuata huku hatua ya kwanza haijaanza? Katika Grogan dhidi ya Garner, mwaka 1991, Mahakama ya Juu iliamua kuwa mdai hahitaji ushahidi wa kiwango cha juu, ulio wazi na wa kusadikisha. Inatosha mizani ielemee upande wake. Mwaka 1995, katika Field dhidi ya Mans, ikasema kuwa aliyedanganywa anatakiwa tu awe na sababu ya kuamini, ya kumtosha mtu aliye katika hali yake. Kutofanya upelelezi hakumnyimi haki. Naona maamuzi yote mawili ni sawa. Kumtaka mlalamikaji athibitishe uongo kwa kiwango kile cha juu kungekuwa kumpa mwongo hifadhi kwa sababu tu uongo wake ni wa ustadi.

Mtu mgumu zaidi kumhukumu ni mkandarasi anayetumia fedha ya mteja wa pili kumalizia nyumba ya mteja wa kwanza. Hakukusudia kumwibia yeyote. Kila jioni anaamini kwamba kazi ya tatu itaziba pengo la pili. Ukimuuliza atasema, kwa unyofu kabisa, kuwa alitaka wote wapate nyumba zao. Lakini alipomwambia mteja wa pili kuwa fedha yake ni ya saruji na nondo za nyumba yake, alijua sivyo. Nia yake ya mwisho ilikuwa njema. Kauli iliyompatia fedha ilikuwa ya uongo. Mimi namweka upande wa ulaghai, bila furaha, kwa sababu mteja wa pili aliombwa abebe hatari ya biashara ambayo hakuambiwa ipo. Angeambiwa ukweli huenda angekataa, na haki yake ya kukataa ndiyo iliyochukuliwa. California imeona hatari hii ilipo: inamkataza mkandarasi wa ukarabati wa nyumba kuchukua malipo ya awali yanayozidi dola 1,000 au asilimia 10 ya bei ya mkataba, chochote kilicho pungufu. Baadhi ya majimbo, Michigan mojawapo, yamekwenda mbele na kuifanya fedha ya ujenzi kuwa amana mikononi mwa mkandarasi, na kuila amana kuna kifungu chake katika sheria ya ufilisi.

Je, deni lisilofutika si utumwa? Swali hili lina uzito kwa yeyote anayekumbuka kuwa zamani mdaiwa aliuzwa yeye na watoto wake. Deni la ulaghai halina ukatili huo. Sheria ya shirikisho ya Marekani, kwa madeni ya kawaida, hairuhusu mdai akate zaidi ya robo ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, na majimbo huongeza vitu ambavyo haviguswi. Aliyehukumiwa anakula, anafanya kazi, analea wanawe. Asichoweza ni kumwambia aliyemdanganya kuwa hadithi imekwisha. Wengine wanasema basi ni hukumu ya karatasi, maana mwongo hana kitu na hatalipa. Mara nyingi ni kweli. Ila hukumu ya California hudumu miaka 10 na inaweza kuhuishwa, na watu wanaofilisika leo hupata kazi, hurithi viwanja, hufungua kampuni mpya kwa jina jingine. Na mlango wa kutoka upo siku zote: amwendee mwenye nyumba, akiri, wapatane. Mwenye deni anaweza kupokea nusu na kusamehe nusu. Ukarimu huo ni wake kuutoa.

Kwa kanuni hiyo hiyo inabidi nilikosoe, kwa nusu, uamuzi maarufu wa miaka ya karibuni. Mwaka 2005 watu wawili waliokuwa wapenzi walinunua nyumba San Francisco, wakaikarabati ili waiuze kwa faida. Mwanamume ndiye aliyeajiri na kusimamia mafundi; mwanamke hakujishughulisha sana. Walipouza walithibitisha kuwa wameeleza kila jambo la maana, lakini mnunuzi akakuta paa linavuja, madirisha mabovu, ngazi ya kuokokea moto haipo, na vibali vina kasoro. Baraza la mahakama likampa fidia ya zaidi ya dola 200,000. Wawili hao wakafilisika, na ikabaki kuamua iwapo mwanamke, ambaye mahakama ya ufilisi iliona hakujua uongo wa mwenzake, naye abebe deni lisilofutika. Februari 2023, katika Bartenwerfer dhidi ya Buckley, majaji wote tisa walisema abebe. Jaji Amy Coney Barrett aliandika kuwa sheria inaangalia fedha ilipatikanaje, haisemi lazima ulaghai uwe wa mdaiwa mwenyewe. Tena mahakama hiyo ilishawabana washirika wa biashara wasio na hatia mwaka 1885, na Bunge lilipoandika sheria ya 1898 likayaondoa maneno yaliyokuwa yanamkinga mtu wa namna hiyo. Uingereza inasema vingine: sheria yake ya 1986 haimwachii mfilisika deni la ulaghai ambao yeye alikuwa mshiriki.

Kwa faida aliyoipata, sina ugomvi na uamuzi ule. Kanuni ya fiqhi kwamba anayekula faida ndiye mbeba dhamana inatosha: aliyegawana bei ya nyumba iliyouzwa kwa uongo hana haki ya kubaki nayo kwa kuwa hakujua. Lakini zaidi ya fungu hilo, kilichobaki kwake ni masaibu. Yeye aliamini mtu asiyestahili kuaminiwa, sawa na mnunuzi. Jaji Sonia Sotomayor, akiungana na Jaji Ketanji Brown Jackson, alikumbusha kuwa uamuzi unahusu watu waliokuwa mawakala au washirika; ningependa mpaka huo uchorwe karibu zaidi na faida yenyewe.

Walakini pengo kubwa la sheria hii liko pengine, mahali ambapo vitabu vya falsafa haviangalii. Katika kesi ya mwaka 2018, Lamar dhidi ya Appling, ilithibitishwa kwamba uongo kuhusu hali ya fedha ya mdaiwa, hata kuhusu mali moja tu, hauzuii kufutwa kwa deni usipokuwa wa maandishi. Mkandarasi anayejua hilo atadanganya kwa mdomo. Na hata uongo mwingine wote wa kwenye mikataba hauhesabiki wenyewe: mlalamikaji lazima afungue shauri la pekee ndani ya mahakama ya ufilisi, ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano wa wadai. Akichelewa, deni linafutwa, ulaghai au si ulaghai. Itasemwa kuwa mfumo wowote unahitaji kikomo ili mdaiwa ajue alipo, na hilo ni kweli. Lakini matunzo ya watoto hayana kikomo hicho, wala kodi za serikali zisizofutika, wala mikopo ya wanafunzi. Hayo yanabaki yenyewe bila mdai kuinua kalamu ndani ya siku 60. Dola imejua namna ya kulinda inachodai yenyewe. Mwenye nyumba aliyebaki na paa lililofunikwa turubai anapata taarifa kwa posta, anatafuta wakili, na kabla hakimu hajasikia neno lolote kuhusu mkandarasi, anatakiwa alipe ada ya dola 350.